Tukiwafunga miaka thelathini, bastola zitapungua?

Dada mmoja mwenye duka la M-Pesa huko Mshomoroni, Mombasa, ameniandikia, nimemfupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Mwezi uliopita saa moja usiku waliingia vijana wawili dukani, mmoja ana bastola, wakabeba pesa na simu za wateja wakatoka wakapanda boda. Mpaka leo hawajashikwa. Sasa kwenye grupu letu la wafanyabiashara inazungushwa petisheni ya kupelekwa kwa mbunge, kwamba mtu akishikwa kwa wizi wa bunduki iwe miaka thelathini moja kwa moja, bila faini, bila dhamana, bila huruma. Mimi nataka kusaini, mume wangu anasema ni kazi bure. Nani yuko sawa?"

Marahaba dadangu, na pole sana, kuwekewa bastola si mchezo na ile hofu haiishi kwa wiki moja. Nikwambie mapema ili usisome ukisubiri: mumeo yuko karibu na ukweli kuliko wewe, lakini si kwa kila kitu, kuna kipande chako pia na nitakifikia.

Kuna jambo moja kwenye hayo magrupu sioni mtu akilitaja. Wale vijana wawili, kwa sheria ya Kenya ilivyo leo, wakishikwa na kesi ikasimama hawaangalii miaka thelathini, wanaangalia kamba. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 296(2), wizi wa kimabavu, adhabu iliyoandikwa pale ni kifo, na hukumu hiyo iko kitabuni tangu miaka ya 70. Ukweli ni kwamba hanyongwi mtu, mara ya mwisho Kenya kunyonga ilikuwa 1987 na wale walikuwa wanajeshi wa jaribio la mapinduzi ya 1982 wala si majambazi, kisha marais wakawa wanazigeuza hizo hukumu kuwa kifungo cha maisha, Kibaki 2009 aliwageuzia watu zaidi ya 4,000 kwa mpigo, Uhuru 2016 akawageuzia 2,747, Ruto naye 2023 akafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kwa vitendo ni maisha. Petisheni yenu, bila nyinyi kujua, inaomba majambazi wapunguziwe!

Na hiyo ni sheria ya wizi peke yake. Iko pia Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo kukutwa tu na bunduki ya kivita kama AK-47 au G3 bila kibali, hata hujamwibia mtu, unaweza kufungwa maisha, na hata mwenye leseni halali akiikodisha bunduki yake kwa kazi ya uhalifu ni maisha vilevile. Sasa niulize tu: kama ukali wa adhabu peke yake ungetosha kumtisha mtu, si pwani hii ingekuwa imetulia tangu enzi za Mzee Kenyatta? Najua kuna atakayesema "bila hiyo adhabu ingekuwa mbaya zaidi" na hilo ni swali zuri, siwezi kulipuuza, ndo manake inabidi tuangalie nchi zilizobadilisha sheria kisha watu wakakaa chini wakahesabu kabla na baada.

Lakini kabla sijatoka kwetu, kisome hicho kifungu vizuri. Kinasema adhabu ni kifo ikiwa mwizi ana silaha ya hatari, AU yuko na mwenzake mmoja au zaidi, AU amempiga ama kumjeruhi mtu. Ni "au", si "na". Yani vijana wawili wakimpokonya mtu simu pale Mtopanga mikono mitupu, na watatu wakivamia duka na AK-47, kitabuni ni kosa moja na adhabu moja. Kijana akishaamua kwenda na mwenzake, bastola anaipata bure, kwenye kifungu hiki haimuongezei chochote. Anayebeba panga na anayebeba bunduki mzigo wao ni ule ule, na sote tunajua kazi ya panga ilivyofanywa Kisauni na vile vikundi vya kina Wakali Kwanza na Wakali Wao. Zaidi ya hapo, yule aliyekwisha kukuibia na umeuona uso wake, sheria haimpi sababu yoyote ya kukuacha hai. Mfaransa Montesquieu aliliandika hili mwaka 1748, kwamba kule China mwizi anayeua aliadhibiwa kuliko mwizi asiyeua basi wezi wa kule hawakuua, na Urusi ambako adhabu ilikuwa sawa wezi waliua kila mara. Usafiri wake na vyanzo vyake tuviache, hoja yenyewe imesimama.

Kichekesho chetu ni kikubwa zaidi. Mwaka 2010 majaji wa Mahakama ya Rufaa wakiketi hapa hapa Mombasa, kesi ya Mutiso, walisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji haiendani na Katiba. Ikazungushwa miaka, mpaka 2017 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Muruatetu ikasema hivyo hivyo, halafu 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji tu. Kwa hiyo jaji wa kesi ya mauaji ana nafasi ya kupima huyu alifanya nini na kwa nini, anaweza kumpa miaka ishirini, na aliyeiba akiwa na mwenzake kitabu bado kinasema kifo. Wabunge walitakiwa kulirekebisha hili zamani.

Haya, tuvuke bahari. Marekani ndo maabara kubwa ya jambo hili kwa sababu kila jimbo lina sheria zake na bunduki ziko kila kona. Massachusetts walianza Aprili 1975, ukishikwa umebeba bunduki bila kibali ni mwaka mmoja jela lazima, hakuna kujadiliana. Mwaka mmoja tu, na walitangaza kweli kweli, redioni, kwenye mabango, kila mahali. Mashambulizi ya bunduki kwenye jiji lao la Boston yalipungua haraka. Ila watafiti wakagundua mashambulizi ya visu na vitu vingine yaliongezeka, watu walibadilisha silaha tu, na jambo lililonifurahisha mimi ni kwamba upungufu ulianza kabla hata ya mtu wa kwanza kufungwa, yani tangazo lenyewe ndo lilifanya kazi, si kifungo.

Jimbo la Michigan, lenye jiji la Detroit, 1977 wakaja na yao, ukifanya kosa kubwa ukiwa na bunduki unaongezewa miaka miwili juu ya kifungo chako. Mabango tele. Watafiti kina Loftin na McDowall walipochunguza hawakuona badiliko la wazi kwenye uhalifu wa jiji lile, na walipoingia kortini wakaona kwa nini: majaji walikuwa wanapunguza kifungo cha kosa lenyewe kisha wanaongeza ile miwili ya bunduki, jumla inarudi pale pale. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye korti zetu atacheka hapo, manake hakimu akiona sheria imezidi kimo atatafuta mlango wa kutokea, atapunguza shtaka, ataona ushahidi una shaka, ataachilia. Watafiti hao hao baadaye waliweka pamoja takwimu za miji sita ya Marekani, na hapo kweli wakaona mauaji ya bunduki yalishuka baada ya sheria za namna hiyo, lakini kwenye wizi na mashambulizi picha haikuwa wazi. Mtafiti David Abrams naye, 2012, akaangalia majimbo mengi yaliyoongeza miaka kwa ajili ya bunduki, akakuta wizi wa bunduki ulishuka kama asilimia 5 ndani ya miaka mitatu. Hicho ndo kipande chako dadangu, nilikuahidi. Asilimia tano si sifuri, ukiwa wewe ndo duka lililokosa kuvamiwa ni kitu kikubwa. Lakini hebu ona ilitoka wapi: ilitoka kwenye TOFAUTI kati ya kuiba na bunduki na kuiba bila bunduki, tofauti ambayo sisi hatuna kabisa.

Mfano ambao wanasiasa huko wanaupenda ni Richmond, Virginia, 1997, waliopeleka kesi za bunduki kwa waendesha mashtaka wa serikali kuu ili mtu apate miaka mitano bila kuachiliwa mapema. Mwaka uliofuata mauaji yakashuka sana na kila mtu akajisifu. Kisha wachumi wawili, Raphael na Ludwig, wakakaa na hesabu wakaonyesha kwamba Richmond ilikuwa imepanda juu kupita kiasi miaka iliyotangulia, na miji iliyopanda vile ilishuka vilevile hata ambako hakukuwa na mpango wowote. Homa iliyofika juu hushuka, hata mgonjwa akipewa maji ya chumvi, na mwenye maji ya chumvi atachukua sifa.

Jamaika naitaja kwa sababu ni watu wanaofanana na sisi kwa mengi. Walianzisha mahakama maalumu ya bunduki mwaka 1974, Kingston, jengo limezungushiwa seng'enge na kupakwa rangi nyekundu makusudi ili litishe, na hukumu ya kuanzia ilikuwa kifungo kisicho na mwisho, mpaka mahakama ya juu kule London ikakikataa mwaka uliofuata. Mwaka 1980, wa siasa za damu, waliuawa watu 889. Mwaka 2005 wakafika 1,674. Na 2022 wamepitisha sheria mpya, kumiliki bunduki kinyume cha sheria ni miaka 15 kwa uchache. Miaka hii ya karibuni mauaji Jamaika yameshuka na wapo wanaoisifu sheria hiyo, mimi bado sijashawishika, manake polisi wao pia wamebadilika na mambo mengi yamekwenda kwa wakati mmoja, huwezi kuchomoa moja ukasema ndilo hili.

Kwa nini basi miaka mingi haitishi? Jibu la zamani, Mwitaliano Beccaria alilisema 1764 na watafiti wa leo kina Daniel Nagin wamelipima kwa namba: kinachomtia mtu hofu ni uhakika wa kushikwa, ukubwa wa adhabu unakuja nyuma sana. Chukua wizi 100 wa bastola, namba hizi ni za mfano tu nimezibuni ili tuelewane. Tuseme nusu zinaripotiwa, zinabaki 50. Katika hizo anashikwa mtu kwa moja katika tano, zinabaki 10. Nusu ya kesi zinafia njiani, shahidi hakuja, faili haionekani, bastola haikupelekwa kwa mtaalamu wa silaha ili athibitishe kwamba inafyatua. Zinabaki 5. Petisheni yenu inashughulika na hao watano, na hao watano tayari wanakula maisha. Wale 95 hawajaguswa na hawatajua kama bunge lilikutana.

Halafu fikiria anayeiba ni nani. Ni kijana wa miaka 19, 20, 22. Uhalifu wa namna hii dunia nzima unapanda ujanani na kushuka mtu akielekea miaka thelathini. Mwambie huyo kwamba adhabu imetoka miaka 15 imekuwa 30, tofauti yake kwake ni nini, yeye mwaka kesho tu hauoni. Akiwa amekula unga au amemeza vidonge ndo kabisa. Na nenda maskani yoyote Kisauni uulize nani anajua kifungu cha 296(2), hakuna. Wanachojua ni fulani alifanya ile kazi na mpaka leo anatembea. Hiyo habari inafika mtaani siku hiyo hiyo, Gazeti la Serikali halifiki kabisa.

Kumweka ndani kuna faida moja ambayo siikatai, akiwa Shimo la Tewa hakuibii wewe. Ila tunamlisha mpaka amefika miaka 50, miaka ambayo hata nje asingekuwa akiruka kaunta za watu, kwenye magereza yaliyojaa mpaka wanalala kwa zamu, na nafasi yake kwenye kikundi inajazwa na mdogo wake.

Kuna na njia ya mkato ambayo grupu lenu halijaiandika lakini najua mtu ameisema, "wapigwe risasi tu". Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yamekusanya kesi za vijana wa hapa pwani waliouawa au kupotezwa kwa miaka mingi, na mbali na kwamba ni haramu, kwa hesabu baridi tu inaharibu kazi. Kijana anayeamini akijisalimisha atauawa hatajisalimisha, atafyatua kwanza. Na mama anayemjua mwenye bastola, na mitaa yetu mnajuana, kila mtu anajua ni mtoto wa nani, hatainua mdomo kama anajua kusema ni kumtia mtoto wa jirani kaburini. Shahidi akikauka, wale 5 wanakuwa 2.

Yaliyofanya kazi vizuri zaidi hayana kishindo. Kansas City, huko huko Marekani, 1992 hadi 93 waliongeza doria za usiku kwenye eneo moja dogo lenye fujo, polisi wakitafuta bunduki tu, bunduki zilizokamatwa zikaongezeka kwa asilimia 65 na uhalifu wa bunduki eneo hilo ukashuka kwa asilimia 49. Hapa kwetu ningeiogopa kidogo, manake msako wa polisi Mombasa unajulikana unavyokuwa, wanabebwa vijana wote wa barazani na kuachiliwa kwa kitu kidogo. Boston 1996 ndo naipenda. Walikuwa wanazika vijana kila mwezi. Polisi, waendesha mashtaka, wachungaji na watu wa mtaani wakaviita vikundi vyenyewe, uso kwa uso, wakawaambia: tunawajua kwa majina, kikundi kitakachoua tena tutakiangukia chote kwa kila kosa hata leseni ya gari, na anayetaka kutoka kazi na shule hizi hapa. Kisha wakatimiza. Mauaji ya vijana yakashuka kwa asilimia 63. Wasomi bado wanabishana kiasi gani ni kwa sababu ya mpango na kiasi gani ingeshuka yenyewe, lakini hakuna sheria iliyorefushwa pale hata kwa siku moja. Tuna maimamu, tuna wachungaji, tuna Nyumba Kumi na wazee wa mtaa wanaojua kila kijana alilala wapi, kinachokosekana ni polisi wanaoaminika wa kukaa nao meza moja.

Na bunduki yenyewe. Hizi bastola zinakodishwa, mara nyingi ndiyo hali, moja inatumiwa na vikundi tofauti, leo Likoni kesho Bamburi. Ukiikamata hiyo moja umezuia kazi za watu wengi, ukimfunga mkodishaji mmoja wa kweli umefanya zaidi ya kuwafunga wakodi kumi. Serikali ilichoma silaha 5,250 kule Ngong Novemba 2016, picha nzuri sana za televisheni, lakini Small Arms Survey, shirika la utafiti wa silaha, walikadiria kwamba mwaka uliofuata raia wa Kenya walikuwa na kama 750,000. Bunduki haiozi. Zile zilizobebwa kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa usiku mmoja wa Agosti 1997, iliyotiwa mafuta na kufunikwa vizuri inafyatua mpaka leo.

Kwa hiyo petisheni, mimi ilivyo nisingesaini. Lile la "bila dhamana" korti italitupa asubuhi moja, Katiba kifungu cha 49 inampa mshukiwa haki ya dhamana isipokuwa kuna sababu nzito. Lakini msiitupe, iandikeni upya. Mwombeni mbunge airekebishe 296(2) ili bunduki iwe kosa zito peke yake, juu ya panga, na panga juu ya mikono mitupu, hapo tofauti itakuwepo na kijana ataiacha bastola nyumbani hata kama hajaacha wizi. Mwombeni aulize kwa maandishi kila mwaka ni kesi ngapi za wizi wa bunduki kaunti hii ziliripotiwa, ngapi zilifika kortini, ngapi zilifia njiani na kwa nini. Swali hilo linawakera wakubwa kuliko miaka thelathini.

Na kesi yako usiiache. Rudi kituoni na namba yako ya OB, yaani ile ya kitabu cha matukio cha polisi, uliza jina la afisa anayepeleleza, peleka namba za IMEI za zile simu, zile za utambulisho wa kila simu, na kama jirani ana kamera muombe ile rekodi leo, zinafutika zenyewe. Muhimu zaidi ni utambuzi, kesi hizi zinaanguka hapo. Wakili wao atakuuliza taa ilikuwa wapi, walikaa dakika ngapi, walisimama umbali gani, na kama maelezo ya sura zao uliyatoa siku ile ya kwanza au umeyakumbuka baada ya kuonyeshwa gwaride la utambuzi. Kwa hiyo kaa uandike kila unachokumbuka sasa hivi, kimo, lafudhi, nguo, nani alishika bastola mkono gani, na wale wateja waliokuwepo waende wakaandikishe taarifa zao wenyewe, kila mtu peke yake, kabla hamjaanza kukumbushana.